Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi: Usomaji wa Pamoja na Maktaba za Umma Nchini Kenya

Katika tahakiki nyingi za fasihi ya Kiswahili neno 'msomaji' hutumiwa katika umoja. Msomaji anagutushwa na taswira, msomaji anatarajia hili, msomaji anaachwa na maswali. Msomaji huyu ni nani, na husomea wapi, ni mambo ambayo aghalabu hatujishughulishi nayo. Tunamchukulia kuwa mtu mmoja aliyeketi peke yake, kimya, na kitabu mkononi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika historia ya Kenya msomaji wa aina hiyo amekuwa mmoja tu miongoni mwa wengi, na kwamba jumba lililojengwa kwa ajili yake, yaani maktaba ya umma, lilichelewa sana kumpa nafasi yule mwenzake anayesoma pamoja na watu. Mfano tutakaouzingatia ni kikundi cha wasomaji kinachokutana mara moja kwa mwezi katika maktaba ya mtaa ili kuzungumzia kitabu kimoja. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa jarida la uhakiki. Sisi tunaliona kuwa linagusa swali zito: nani ana idhini ya kusema juu ya kitabu?

Hatuna budi kuanza pwani. Tenzi za kale zilikuwa maandishi; watunzi wake waliagiza wino na karatasi, na miswada yao ilihifadhiwa majumbani. Hata hivyo, maandishi hayo yalifika kwa wengi kupitia sauti. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulitungwa na mama kwa ajili ya binti yake, lakini wanawake waliohifadhi beti zake kwa moyo na kuzighani mbele ya wenzao ni wengi kuliko waliowahi kuushika muswada. Muswada ulikuwa mmoja, masikio mengi. Asiyejua kusoma hakuwa nje ya matini. Alikuwa hadhira yake halali, na aliweza kuuliza, kupinga na kusahihisha. Halafu palikuwa na baraza, yale makalio ya mawe mbele ya nyumba, ambapo shairi lililotungwa asubuhi liliweza kujibiwa kabla ya magharibi.

Desturi hii haikuwa ya pwani peke yake, wala haikuwa ya ushairi pekee. Gazeti la Muigwithania lilipoanza kuchapishwa kwa Kikuyu mwaka 1928, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta, nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamepita shuleni. Mwaka 1939 lilipoanzishwa gazeti la Kiswahili jijini Nairobi, jina lililochaguliwa lilikuwa Baraza. Wamiliki wake walikuwa na shabaha zao za kibiashara na za kisiasa, lakini jina hilo linatuonyesha kwamba walielewa ni wapi gazeti la Kiswahili lingesomwa.

Sasa tulinganishe hayo na maktaba. Mjini Mombasa, Maktaba ya Seif bin Salim ilianza mwaka 1903, na jina lake kamili lilibeba ahadi ya chumba huria cha kusomea. Nairobi ilifuata mkondo mwingine. Maktaba ya kumbukumbu ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, kwa juhudi za Bibi Lucie McMillan aliyetaka kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Nguzo zake za mawe na simba wake wawili wanaojulikana na kila mpita njia wa Banda Street vilitangaza heshima. Vilitangaza pia mpaka: kwa zaidi ya miaka ishirini Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Ilipofika mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi lilikuwa limekabidhiwa jumba hilo, na milango ikawa ya wote. Lakini kufungua mlango si sawa na kubadili kanuni za ndani. Kanuni ya kimya, meza ndefu, kiti cha mtu mmoja, mkutubi anayemkaripia anayenong'ona: hayo yote yalirithiwa jinsi yalivyokuwa. Mkenya aliyeingia McMillan baada ya uhuru alikaribishwa kama mtu mmoja mmoja.

Tofauti hii inadhihirika vyema zaidi mtaani Kaloleni, upande wa mashariki wa jiji. Ukumbi wa mtaa huo ulikuwa mahali pa mikutano ya chama cha KAU, watu wakajaa humo kusikiliza na kubishana. Baadaye mtaa huo huo ukapata tawi la maktaba. Hivyo pakawa na jengo la kusemea na jengo la kusomea, kila moja na kanuni zake, na hatua chache tu katikati yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi kusoma na kuzungumza vilivyotenganishwa katika miji yetu.

Juhudi za kupeleka vitabu mbali na jiji tunaweza kuzipitia kwa haraka. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 chini ya Charles Richards, halikuchapisha vitabu tu bali lilipeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya mashambani na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya maktaba za kitaifa, ambayo ilirithi kazi hiyo, na mwaka 1996 bodi hiyo ikaanza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Hizi ni juhudi za kusifiwa. Hata hivyo zilipimwa kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa. Kilichosemwa juu ya kitabu baada ya sanduku kufunguliwa hakikuwa na safu yake katika taarifa.

Wakati huo huo, usomaji wa pamoja uliendelea kushamiri mahali pasipokuwa na mkutubi. Ushahidi ulio bora zaidi ni ule wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Shetani Msalabani mwaka 1982. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa: nyumbani jioni jamaa wakimzunguka mmoja wao aliyejua kusoma, wafanyakazi wakati wa mapumziko ya mchana, abiria katika matatu, na hata katika vilabu vya pombe. Huko vilabuni, anaeleza, msomaji alisoma hadi bilauri yake ikakauka, naye akanyamaza hadi mmoja wa wasikilizaji alipoagiza nyingine. Wahakiki wamelitumia tukio hili mara nyingi kuthibitisha uhai wa fasihi simulizi ndani ya riwaya. Ni kweli, lakini tungependa kuelekeza jicho mahali pengine. Katika orodha hiyo ya mahali pa kusomea, maktaba haimo.

Kwa nini haimo? Kanuni ya kimya ni sababu mojawapo. Sababu ya pili ni hofu. Kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilichoonyesha mchezo wa kuigiza wa wanakijiji mwaka 1977 kilikuwa kimebomolewa ilipofika mwaka 1982. Hadi mageuzi ya sheria ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni, na katika miaka ya themanini mtu kukutwa na maandishi fulani kulitosha kumtia mashakani. Si rahisi kumlaumu mkutubi wa serikali wa wakati huo ambaye hakutaka kuona watu kumi na wawili wamezunguka meza wakibishana juu ya kitabu. Klabu ya pombe angalau ilikuwa na kisingizio.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi wa idara za Kiswahili moja kwa moja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Faida zake kwa lugha na kwa waandishi ni kubwa mno, na hatukusudii kuzibeza. Lakini pamoja na faida hizo alizaliwa msomaji wa namna mpya, yaani mtahiniwa. Huyu husoma kitabu teule akiwa na mwongozo kando, akitafuta dhamira, maudhui, mbinu na wahusika kwa mpangilio huo, na siku ya mtihani inapopita kitabu hufungwa kabisa. Ingia katika maktaba yoyote ya umma Kenya mwezi wa Septemba: viti vimejaa, rafu hazijaguswa. Wengi wamekuja na daftari zao wenyewe. Wanachokihitaji ni meza, mwanga na utulivu.

Ndiyo maana kikundi cha kila mwezi ni tukio la kihistoria kwa kiasi fulani, hata kama wanaokiendesha hawalitazami hivyo. Mwandishi wa makala haya amehudhuria vikao vya kikundi kimoja cha aina hiyo katika maktaba ya mji mdogo, Jumamosi moja kila mwezi, na yafuatayo yametokana na vikao hivyo. Walikuwemo walimu wawili, fundi cherehani, mama mstaafu wa posta, vijana waliomaliza kidato cha nne, na mzee mmoja aliyedai kwamba amekuja kusoma gazeti tu.

Jambo la kwanza lililodhihirika ni uzito wa neno 'mwalimu'. Katika kikao cha kwanza kila mtu alimwita mwongozaji kwa jina hilo, na kila aliposema, kalamu zilitolewa. Alipouliza swali, jibu lilikuja katika lugha ya mtihani: mwandishi amefaulu kuibua dhamira ya nafasi ya mwanamke katika jamii. Baada ya hapo, kimya. Kilichovunja kimya hicho ni uamuzi wa kumwondolea mwongozaji kazi ya kuuliza. Kila mwezi mtu mwingine aliteuliwa kuchagua ukurasa mmoja na kuusoma kwa sauti, bila maelezo. Mzee wa gazeti alipopewa zamu alisoma polepole, akirudia sentensi zilizompendeza, na mama wa posta akamkatiza kabla hajafika chini ya ukurasa. Tangu hapo mazungumzo hayakuhitaji kusukumwa. Tunasisitiza kwamba kusoma kwa sauti hapa hakukuwa pambo la kuanzia kikao. Kuliwapa watu ruhusa ya kuwa wasikilizaji kwanza, na msikilizaji, kama tulivyoona, ana haki ambazo mtahiniwa hana.

Kitabu kilichowasha moto zaidi kilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Riwaya hii ilichapishwa mwaka 1971 na shirika lile lile lililokuwa likisambaza masanduku ya vitabu, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Sisi wahakiki tumeijadili kwa upande wa udhanaishi, usawiri wa mwanamke na mgongano wa maadili. Kikundi kilikaa karibu saa nzima juu ya Zakaria, babake Rosa, na kipigo alichompa bintiye kwa ajili ya barua. Fundi cherehani alimtetea: baba maskini mwenye binti watano, alisema, ana nini kingine cha kulinda? Mmoja wa vijana akamwuliza, kwa adabu lakini bila kumwangalia usoni, mbona Zakaria hakuilinda pesa aliyoinywa. Kisha mama wa posta akasema kwamba wote wawili wamemsahau Regina, na kwamba mke anayenyamaza hivyo amekwisha kupima gharama ya kusema. Sijapata kuona katika tahakiki zilizochapishwa usomaji wa kimya cha Regina uliokuwa makini kuliko huo.

Lugha ya vikao ilikuwa mchanganyiko. Kitabu kilikuwa cha Kiswahili. Mazungumzo yalipita katika Kiswahili, Sheng na lugha ya mama bila kuomba radhi. Wapo wenzetu watakaosikitika. Ila mtu akiambiwa aseme Kiswahili sanifu ndipo aruhusiwe kulia juu ya Rosa, atarudi kwenye dhamira na maudhui.

Tatizo lililosalia ni la nakala. Maktaba ilikuwa na nakala mbili za riwaya hiyo, moja ikiwa haina kurasa za mwisho. Kikundi kilijaribu kuchangia fedha, kikaacha baada ya kuona wasio na uwezo wanaanza kukosa. Kikahamia kwenye hadithi fupi na tamthilia zinazoweza kusomwa hapo hapo mezani. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipozikabidhi kaunti jukumu la maktaba, bajeti ya vitabu imekuwa jambo la kuzungumzwa karibu na nyumbani, na mahali pengine wananchi wenyewe wamejitokeza: shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, limeshughulikia ukarabati wa McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Lakini orodha za ununuzi bado hufuata vitabu teule, nakala kwa makumi, na kwa riwaya isiyotahiniwa nakala moja huonekana kuwa inatosha.

Kikundi tulichokieleza huweka daftari. Baada ya kila kikao mmoja wao huandika jina la kitabu, waliohudhuria, na jambo moja walilokosa kuafikiana. Mkutubi amekubali kulihifadhi katika rafu ya marejeleo, akalipa namba kama kitabu kingine chochote. Kwa mwezi wa Rosa Mistika mstari wa mwisho unauliza kama Regina aliogopa au alichoka, na chini yake, kwa mwandiko mwingine, kuna majibu mawili yaliyoongezwa na watu ambao hawakuwapo.