Kosa, Hatia na Kuboronga katika Kiswahili cha Mombasa

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia jambo lililokwenda kombo, na kila moja lina mpaka wake. Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kama vile Kibokoni na Kuze, fundi aliyeiharibu kazi kwa pupa husemwa kuwa ameboronga. Aliyetamka lisilo sawa amekosea. Na aliyethibitishiwa uovu ana hatia. Maneno haya hayabadilishani nafasi bila ya maana kupotea.

Lililo la msingi ni kosa. Kukosa ni kutopata: mwindaji hukosa shabaha, maskini hukosa chakula, na mtaka yote hukosa yote. Katika mzizi huo yamechipuka kukosea, kukosana, kukosekana na kukosoa. Kwa hiyo kosa si lazima liwe uovu. Ni kutofika palipolengwa. Ndipo wahenga wakanena kuwa kosa moja haliachi mke. Hatia, kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo mzizi wake hutumika pia kwa mshale uliopita kando ya shabaha, lakini Kiswahili kilichukua upande wa lawama peke yake. Upande wa shabaha ulikuwa na mwenyewe. Ama kuboronga hakuhitaji shabaha wala hakimu: kazi yenyewe hushuhudia.

Tofauti hizi zina uzito katika historia ya Kimvita. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilitegemea zaidi usemi wa mji huo. Hata hivyo, mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Hapo shabaha ilihamishwa. Mato, ndia na mtele, ambayo Kiunguja huyaita macho, njia na mchele, yakawa makosa katika daftari la mwanafunzi, ingawa nyumbani kwao hayakumpotezea mtu maana.

Yafaa ieleweke kwamba mato si macho yaliyoharibika. T ya Kimvita na ch ya Kiunguja katika maneno hayo zimetokana na sauti moja ya kale ya Kibantu. Ni ndugu wawili, wala hapana aliye mwana wa mwenziwe. Kwa lahaja hiyo alitunga Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Kwa lahaja hiyo pia Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotolewa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Hapana shaka kwamba usanifu una faida: vitabu na mitihani ya nchi kadhaa huhitaji kipimo kimoja, na mwalimu ana wajibu wa kukifundisha. Lakini anayesahihisha hana budi kujua ni neno gani analolitumia. Mwanafunzi wa Mombasa aliyeandika mato hakuboronga, wala hana hatia. Ameikosa shabaha ya Unguja, na ameipata ya Mvita.