Mkilua wa Uani

Marehemu bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na mkilua nyuma ya kisima. Kilua chenyewe, ua lake la kijani-manjano, hakivutii jicho. Harufu ndiyo humgeuza mtu shingo. Magharibi ikikaribia alivichuma, akavifunga kwa uzi pamoja na asumini na vijiti vya mrehani: kikuba cha biarusi.

Ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wanawake wa mwambao waliujua zamani. Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Kew, Uingereza, aliutangaza kitaalamu mwaka 1970, akauita Mkilua fragrans. Jina letu likabaki, na ni haki yetu.

Sasa nyua zinamwagwa saruji. Tafadhali, ukijenga, uachie mkilua nafasi yake.