Kikomo cha Wakimbizi Huko Marekani Tangu Mwaka 1980

Wanafunzi wetu waliotoka Kongo hutuuliza mara kwa mara: kwa nini jirani alisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2016, na nduguye, mwenye mashaka yale yale, akabaki kambini? Jibu lake haliko kambini.

Tarehe 17 Machi 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria inayompa rais wa nchi hiyo mamlaka ya kuweka, kila mwaka, baada ya kushauriana na Bunge, idadi ya juu ya wakimbizi watakaopokewa. Mwaka wenyewe huhesabiwa kuanzia Oktoba Mosi. Wamarekani huiita idadi hiyo "dari". Sisi twapendelea "kikomo", maana dari ya nyumba haipandi wala haishuki kila mwaka.

Mwaka ule wa 1980 waliingia zaidi ya watu 200,000, wengi wao kutoka Vietnam, Laos na Kambodia, ambako Marekani ilikuwa imepigana vita. Waafrika hawakufika hata 1,000, ingawa Pembe ya Afrika ilikuwa imejaa wakimbizi.

Tena yafaa tutofautishe kikomo na idadi ya waliofika. Mwaka 2002 kikomo kilikuwa 70,000. Lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 upekuzi ulizidishwa, wakafika kama 27,000 tu. Mwaka 2016 kikomo cha 85,000 kilijaa karibu chote, na Wakongo, zaidi ya 16,000, walikuwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Kufikia mwaka 2020 kikomo kilikuwa kimeshuka hadi 18,000. Mwaka 2024 walifika kama 100,000. Kisha kwa mwaka 2026 kikawekwa kikomo cha 7,500, na nafasi nyingi zikatengewa Wazungu wa Afrika Kusini.

Vita vya mashariki ya Kongo havikupanda na kushuka kwa kadiri hiyo. Marais ndio waliobadilika.

Na mlango ukifungwa kwa miezi michache tu, hasara haiishii hapo. Uchunguzi wa afya una muda wake, na upekuzi wa usalama vivyo hivyo. Kimoja kikipitwa na wakati, hurudiwa, na wakati kinaporudiwa kingine nacho huisha. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya kambi hiyo kufunguliwa, alitimiza miaka 20 mwaka 2017, mlango ulipoanza kubanwa. Ikiwa jina lake lilikuwa katika orodha, alianza kupimwa upya.