Ala ya fimbo ya kuvulia: kuitunza na kusafiri nayo bila gharama kubwa

Wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti nilitoka Mombasa na mwanangu wa miaka kumi na mmoja, tukaenda Matuu kwa shemeji yangu. Mtoto nilikuwa nimemwahidi tangu Ramadhani kwamba tutakwenda kuvua bwawa la Masinga. Fimbo yenyewe aliletewa na ami yake kutoka Maskati, nyeusi, nyepesi, ya vipande viwili vinavyochomekana. Mimi niliifunga kwa gazeti na kamba nikadhani nimeihifadhi. Nairobi tulibadilisha gari, utingo akaichukua akaitia kwenye buti. Tulipofika Matuu palikuwa na gunia la pojo juu yake, na kipande cha juu kimekatika shibiri moja kutoka nchani.

Shemeji ni fundi wa mabomba. Alikigeuza kile kipande mkononi, akamtazama mtoto ambaye alikuwa amenyamaza kimya, kisha akaniambia, "Shemeji, hata mshale una podo. Wewe umemletea mtoto fimbo uchi safari nzima." Alisema kweli, na katika nchi ya Wakamba, watu wa upinde tangu zamani, huwezi kubishana na mtu juu ya podo.

Sisi watu wa pwani tumekulia mshipi wa mkono. Uzi, ndoana, chubwi, basi. Unauzungusha kwenye kibao au chupa, unautia mfukoni, unapanda ngalawa. Fimbo hatukuzirithi kwa wazee, na kwa hivyo hatukurithi namna ya kuzitunza. Siku hizi vijana wanazinunua au wanaletewa kutoka Ghuba, na nyingi hazimalizi mwaka. Zinavunjwa na milango ya gari, mizigo, au jua la darini kabla ya kuvunjwa na samaki.

Ala aliyonitengenezea shemeji jioni ile ni ya bomba la plastiki la maji machafu, lile la kijivu. Hatukununua bomba zima. Mafundi daima wana vipande vilivyosazwa, na duka la vifaa vya ujenzi likikujua litakukatia. Pima kipande kirefu zaidi cha fimbo yako, ongeza upana wa kiganja, ndio urefu wa bomba. Fimbo ya futi saba ya vipande viwili inahitaji bomba la futi nne hivi. Upana ni jambo la kuangalia sana. Pete kubwa ya fimbo, ile iliyo karibu na mpini, ndiyo inayoamua. Bomba la inchi mbili linatosha fimbo moja yenye pete ndogo. Ukiwa na fimbo mbili au tatu, au pete pana za kurushia mbali, chukua inchi tatu. Usilazimishe, maana pete nyingi zina duara la kauri ndani, na likipata ufa mdogo usioonekana kwa jicho huanza kukata mshipi.

Chini tulitia kifuniko cha bomba kwa gundi. Juu kifuniko hakigundishwi. Kipige msasa kidogo kiingie na kutoka kwa mkono. Ndani, chini na juu, shemeji alikata miduara miwili ya soli ya ndara kuukuu akaisukuma iwe mto, ili ncha isigonge plastiki. Gundi ile ina mvuke mkali, kwa hivyo bomba lilale wazi usiku mzima kabla ya kutia fimbo. Kisha toboa matundu matatu au manne madogo kwenye kila kifuniko. Hili wengi husahau. Bomba lililozibwa kabisa na fimbo yenye unyevu ndani yake ni kama kupika kuvu: mpini wa gamba huoza, pete hushika kutu, na unapofungua baada ya mwezi harufu peke yake inakuambia.

Mkanda wa begani tulipata kwenye begi la shule lililokufa. Funga ncha zake kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vile watu huita blada, zungusha mara nne au tano ukiuvuta. Unashika kuliko kamba, wala hauchimbi.

Asiyekuwa na fundi jirani anaweza kwenda kwenye maduka ya vitambaa. Pale Mtaa wa Biashara, Mombasa, majora ya vitambaa huja yamezungushiwa mirija ya kadibodi ngumu, na jora likiisha mrija hutupwa. Nilipoomba nilipewa mitatu bure na chai juu. Vitambaa vingi vina upana wa inchi 45 au 60, na mrija ni wa urefu huo au zaidi kidogo, kwa hivyo fimbo ya vipande huingia bila taabu. Kasoro yake ni mbili: tundu huwa jembamba, na kadibodi haipatani na maji. Ipake vanishi mara mbili au izungushie mkanda wa plastiki wa kufungia maboksi. Hiyo ni ya nyumbani na ya safari kavu. Usiipandishe kwenye mashua.

Kwa ndani ya ala, shona mfuko mwembamba wa kikoi kilichochakaa, kila kipande mfuko wake, mdomo ufungwe kwa utepe. Vipande viwili vikisuguana uchi ndani ya bomba kutoka Mombasa hadi Matuu vitakwaruzana, na mkwaruzo kwenye fimbo ya kaboni ndipo itakapokatikia siku ya samaki mkubwa. Huna ala kabisa? Laza vipande viwili pamoja, ncha ya kimoja ielekee mpini wa kingine, vifunge kwa blada mahali patatu bila kukaza, kisha vifunge juu ya ufito ulionyooka ulio mrefu kuvipita. Ufito ndio upokee kipigo.

Kabla ya kuihifadhi, fimbo iliyogusa bahari ioshwe kwa maji matamu, hasa pete na pale mtambo wa mshipi unapokaa, ifutwe, ikauke kivulini. Ndoana itolewe, mtambo uvuliwe. Nyumbani iweke imesimama wima au imelala juu ya vigingi vitatu ukutani, vilivyovishwa vipande vya ndara. Kuiegemeza kwa pembe miezi sita kunaipinda, na haitanyooka tena. Usiiweke chini ya mabati. Matuu nyumba nyingi ni za mabati, na adhuhuri ya Yatta si ya kufanyiwa mchezo. Joto hulegeza gundi ya pete, na hata bomba lenyewe likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani huanza kupinda. Uvungu wa kitanda ni salama kuliko dari.

Njiani, usiitoe ala mkononi mwako. Kwenye matatu isimamishe baina ya magoti, kwenye basi ilaze kwenye kichanja cha juu. Kwenye pikipiki ivae mgongoni wima, kama podo, kamwe isikatize barabara. Nje ya ala, usiunganishe fimbo mpaka ufike majini. Kaboni hupitisha umeme, na fimbo ya futi kumi chini ya nyaya za stima, au kwenye radi, ni hatari ya kweli.

Kuna jambo moja zaidi, na wenzangu wa kofia na kanzu watanielewa. Barabara ya Garissa ina vizuizi vya polisi, na bomba refu lililozibwa ncha zote mbili mgongoni mwa mtu si kitu cha kumpita afisa hivi hivi. Wakati wa kurudi nilisimamishwa. Kwa kuwa kifuniko kilitoka kwa mkono mmoja na nilikuwa nimeandika kwa wino mweusi FIMBO YA KUVULIA na nambari yangu ya simu, tulimaliza kwa dakika mbili, tukacheka. Kwa hivyo usikizungushie mkanda wa gundi, na kama unaweza kata kidirisha chembamba ubavuni.

Masinga tulikwenda. Bwawa hilo la mto Tana lilikamilika mwaka 1981, lina perege na kambare, na pia viboko na mamba, kwa hivyo uliza wenyeji wapi pa kusimama na uliza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali. Shemeji alikuwa amesawazisha pale palipokatika, akaitoa pete ya nchani kwenye kile kipande kilichovunjika akaigundisha upya. Fimbo imekuwa fupi na ngumu kidogo. Mwanangu alivua perege wawili nayo. Mimi nilitumia mshipi wangu wa chupa, sikupata kitu.