Marvelman: Shujaa Aliyeshindwa na Makaratasi

Februari 1954, watoto wa Uingereza waliozoea kununua kijarida cha Captain Marvel kila wiki walikabidhiwa toleo namba 25 likiwa na shujaa mgeni. Vazi jekundu limekuwa la buluu, nywele nyeusi zimekuwa za dhahabu, na kijana Billy Batson, aliyekuwa akitamka neno la siri na kugeuka shujaa, nafasi yake imeshikwa na Micky Moran. Hesabu ya matoleo haikuanza upya: la 24 lilikuwa la Captain Marvel, la 25 la Marvelman. Mchapishaji, Len Miller wa London, hakutaka kumpoteza msomaji hata mmoja.

Chanzo kilikuwa mahakamani. Huko Marekani, wamiliki wa Superman walikuwa wameishitaki kampuni ya Fawcett tangu 1941, wakidai Captain Marvel ameigwa kutoka kwa shujaa wao. Mwaka 1953 Fawcett ilisalimu amri, ikalipa fidia na kuacha kumchapisha. Miller, aliyekuwa akizichapa upya hadithi hizo Uingereza, akabaki hana cha kuuza. Akamgeukia mtunzi wa katuni Mick Anglo, naye akamuumba Marvelman. Kijarida kiliendelea hadi 1963, kisha kikafa.

Mwaka 1982 Dez Skinn alianzisha jarida la Warrior na kumkabidhi shujaa huyo kwa mwandishi kijana wa Northampton, Alan Moore. Michoro ilikuwa ya Garry Leach, baadaye Alan Davis. Moore alimchukua Moran akiwa mtu mzima, mwandishi wa habari aliyechoka, anayeumwa kichwa na kusumbuliwa na ndoto za kuruka angani. Siku moja Moran anatekwa na watu wenye silaha kwenye kituo cha nyuklia. Anapoburutwa anaona maandishi ya mlango wa kioo kwa upande wa nyuma, neno “atomic” likiwa limegeuka. Analitamka, “Kimota”, radi inapiga, na kumbukumbu alizozipoteza kwa miaka 18 zinarudi.

Hapo Moore akauliza swali ambalo katuni za mashujaa zilikuwa zikilikwepa: mtu mwenye nguvu za mungu akiishi kweli miongoni mwetu, sisi tutabaki na nini? Jibu kali zaidi lilikuja baada ya hadithi kuhamia kwa mchapishaji mwingine, katika toleo la 15 la mwaka 1988, ambamo mchoraji John Totleben alichora London iliyoteketezwa na Johnny Bates, kijana aliyewahi kuwa msaidizi wa shujaa. Maiti, magofu na moto vimejaa ukurasa, wala hakuna anayefika kwa wakati kuokoa. Yeyote anayetaka kuelewa katuni za watu wazima zilianzia wapi, hawezi kuziruka kurasa zile.

Wakati kazi inapanda, umiliki wake ulikuwa hauna msingi. Kampuni ya Miller ilikuwa imefungwa, ikadhaniwa haki zimebaki bila mwenyewe, na waliofanya kazi Warrior wakagawana hisa za kitu ambacho hawakuwa na hati yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ya Marvel ya New York ikalalamikia jina. Mwaka 1984 hadithi ikakatika katika toleo la 21, katikati ya ugomvi wa malipo na haki, na mwaka uliofuata Warrior lenyewe likafa.

Kampuni ya Eclipse ya California ilimchukua mwaka 1985 na kumpa jina jipya, Miracleman. Mwaka 1986 mafuriko yakaingia katika ofisi zake na kuharibu shehena ya vitabu. Moore alimaliza sehemu yake mwaka 1989 na kumwachia kalamu Neil Gaiman, pamoja na mchoraji Mark Buckingham. Walifika toleo la 24 mwaka 1993. La 25 lilikuwa limekwisha kuchorwa Eclipse ilipofunga milango, na halikutoka.

Mwaka 1996 Todd McFarlane, muumbaji wa katuni ya Spawn, alinunua mali za Eclipse kwa dola 25,000. Gaiman akamshitaki mwaka 2002 mjini Madison, Wisconsin, akashinda, na mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi huo mwaka 2004. Lakini ushindi huo ulihusu wahusika aliowaandikia McFarlane katika Spawn. Swali la nani anammiliki Miracleman likabaki palepale.

Mwaka 2009 Marvel ilitangaza mjini San Diego kwamba imenunua haki kutoka kwa Mick Anglo, wakati huo akiwa na miaka 93. Mzee huyo alifariki mwaka 2011. Hadithi zilipochapwa upya mwaka 2014, jina la Moore halikuwemo, kwa matakwa yake mwenyewe. Palisomeka tu “Mwandishi wa Awali”. Muendelezo wa Gaiman na Buckingham ulisubiri hadi 2022.

Tuipime hasara hiyo kwa umri wa watu. Buckingham alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipokabidhiwa kazi hii, na aliporudi kuiendeleza alikuwa amevuka hamsini. Kizazi kizima cha wasomaji kilikua bila kukipata dukani kitabu kilichobadilisha fani nzima. Mkataba wa ukurasa mmoja, ulioandikwa na kusainiwa mwaka 1982 na kila mwenye haki, Anglo akiwa wa kwanza, ungeokoa yote hayo. Anayeumba mhusika leo aanze na ukurasa huo, kisha ndipo achore.