Sabufa ndogo na sheria ya Hofmann

Leo naziweka programu kando niandike kuhusu spika. Majuzi nilinunua sabufa ndogo yenye amplifaya yake ndani, ya kutazamia filamu sebuleni. Ni kiboksi cha kubebwa kwa mkono mmoja, lakini katoni yake inaapa kwamba kitatikisa nyumba nzima. Aliyeniuzia alinipa siku kumi na nne za kuirudisha nisiporidhika. Kabla ya kuamua, nilitaka kujua ahadi hiyo ilianzia wapi.

Turudi Marekani, mwaka 1954. Siku hizo aliyetaka bezi ya kweli nyumbani alihitaji kasha kubwa kama kabati la nguo. Edgar Villchur na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni ya Acoustic Research wakatoa spika iliyoitwa AR-1. Villchur alilifunga kasha kabisa, hewa isipite. Hewa iliyonaswa ndani ikawa ndiyo springi ya kuirudisha koni mahali pake. Ghafla bezi nzito ikaweza kutoka kwenye kasha dogo. Lakini spika hiyo ilikula umeme mwingi kuliko zile kubwa.

Mwaka 1957 Kloss alihama, akaanzisha KLH pamoja na Malcolm Low na J. Anton Hofmann. Huyu Hofmann ndiye aliyetuachia kile mafundi wa spika wanakiita sheria ya chuma. Kuna mambo matatu: kasha dogo, bezi inayoshuka chini sana, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Sisi tunaoandika programu tunamjua mteja anayetaka kazi nzuri, ya haraka na ya bei rahisi. Ni yaleyale. Ukilipunguza kasha liwe sehemu moja ya nane, na bado unataka bezi ileile kwa sauti ileile, utahitaji umeme mara nane hivi.

Kwenye sinema sheria hii haikumsumbua mtu, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Mwaka 1974 Universal walitoa filamu ya Earthquake kwa mfumo wa Sensurround, wakitumia masanduku makubwa ya Cerwin-Vega. Katika ukumbi wa Grauman's Chinese, Hollywood, ilibidi wavu utandazwe chini ya dari, plasta isije ikawaangukia watazamaji! Mwaka 1992 ikaja Dolby Digital na filamu ya Batman Returns. Ile nukta moja kwenye 5.1 ni njia ya pekee ya sauti za chini. Halafu DVD zikaingia madukani Marekani mwaka 1997, na njia hiyo ikaingia sebuleni. Sasa kila nyumba ilitaka bezi ya sinema, ila si kabati jingine karibu na kochi.

Jibu lilikuwa limeshatoka mwaka 1996. Bob Carver, kupitia kampuni yake ya Sunfire, aliuza sabufa ya inchi 11 kila upande, ikiwa na amplifaya aliyoitangaza kuwa ya wati 2,700. Watu waliona muujiza. Haukuwa muujiza. Carver alilipa deni la Hofmann kwa umeme, basi.

Yangu je? Nilitengeneza kiprogramu cha kutoa sauti moja moja, kuanzia 100 Hz kushuka hadi 20. Kwa sauti ya wastani ilifika 35 Hz vizuri, nikafurahi. Nikaongeza sauti. Ajabu, zile za juu ziliongezeka, lakini 35 Hz ilibaki palepale. Kumbe ndani mna programu inayoibana bezi ya chini kabisa koni inapokaribia mwisho wa mwendo wake. Ni lazima, maana kushuka kutoka 40 Hz hadi 20 kwa sauti ileile kunataka koni isukume hewa mara nne zaidi. Kwa hiyo katoni haikusema uongo kuhusu kina wala kuhusu ukubwa wa sauti. Ilinyamaza tu kwamba huvipati kwa wakati mmoja. Mliokulia enzi za redio zilizoandikwa PMPO mnaujua mchezo huu.

Nikiwa bado natafakari kuirudisha, nilikutana na mama wa ghorofa ya chini kwenye ngazi. "Kijana, jana hiyo vita yenu ilinifikia mpaka jikoni." Nikamwomba msamaha. Wimbi la 20 Hz lina urefu wa mita 17 hivi. Ukuta wa fleti haulizuii. Kumbe kile nilichokuwa nakililia kama kasoro ndicho kilichokuwa kikimlinda.

Nimeamua kubaki nayo. Nimeiweka mbali kidogo na kona na kuipunguza, na kwa sauti hiyo inashuka chini vizuri. Ukienda kununua yako, usiulize wati kwanza. Uliza kati ya yale matatu ni lipi limeachwa, kisha uisikilize kwa sauti utakayotumia kweli nyumbani kwako.

Tuonane wiki ijayo, tukirudi kwenye programu.