Habari Njema Ilifika Muindi Akiwa Lamu

Wengi wetu tunalijua jina la Muindi Mbingu kwa sababu ya mtaa ule wa tao, kando ya City Market. Mimi namkumbuka kwa jambo lingine: namna serikali ilivyopanga lini iongee naye, na lini inyamaze.

Mwaka ni 1938. Mkoloni aliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi na udongo unaharibika. Kwamba walowezi walikuwa wamechukua sehemu kubwa ya malisho, hilo halikupewa uzito. Wakati huohuo, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda lazima kipate ng'ombe, tena wa bei rahisi. Basi mifugo ikachukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Wenyewe hawakuulizwa, walielezwa tu.

Mwisho wa Julai, Muindi na watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor. Walitaka kitu kimoja: kumwona gavana, Robert Brooke-Popham. Wiki zikapita, gavana haji. Jibu lake lilikuwa kwamba warudi kwao, ataongea nao hukohuko Machakos.

Ukisikia haraka, utadhani ni adabu. Lakini umati ulioketi Nairobi unaonwa na waandishi wa habari, na wanasiasa kama Isher Dass wanaweza kuusemea. Umati uleule ukiwa kwenye baraza la Machakos, mbele ya DC na machifu, unakuwa wasikilizaji tu. Gavana alikwenda Machakos mwezi Agosti, siku aliyoichagua yeye, mahali alipopachagua yeye.

Halafu angalia mfuatano. Muindi akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Baada ya hapo ndipo, kabla mwaka haujaisha, serikali ikaacha kuwalazimisha watu kupunguza mifugo. Ilikuwa na sababu ya kulegea: askari wengi wa KAR na polisi walikuwa Wakamba, na Ulaya ilikuwa inanuka vita. Ila ebu pindua hizo habari mbili. Kama uamuzi ungetangazwa kwanza, Muindi angebebwa juu mabegani kama mshindi. Ukitangazwa akiwa hayupo, unaonekana kama huruma ya serikali. Mimi nausoma hivyo.

Mwaka 2024 tuliona kinyume chake. Usiku wa 25 Juni, Rais Ruto aliongea kwa ukali. Kesho yake, 26 Juni, akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha. Hapakuwa na wiki za kungoja watu wachoke, wala kiongozi mmoja wa kuondolewa kwanza. Nchi nzima ilikuwa macho, simu mkononi, na kila mtu aliona nini kilisababisha nini.

Ndiyo maana tangazo likitoka, sipendi kuishia kwa swali la "amesema nini?" Nauliza pia: kwa nini leo? Na nani ameondolewa ili asiwepo kulisikia? Muindi alirudi kutoka Lamu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ng'ombe waliobaki zizini walibaki kwa sababu yake na wenzake, lakini siku ya kushangilia ilishampita.